Maswali na majibu: Kwa basi kandokando ya Ziwa Tanganyika

Shule zikikaribia kufungwa, wasomaji wa Tabora na Kigoma hutuandikia sana kuhusu safari za mwambao wa ziwa. Tumechukua maswali yanayorudi mara kwa mara na kuyajibu kwa mtu anayeanzia Kigoma Mjini. Saa zote ni za Kiswahili.

Nimefika Kigoma mara kadhaa, lakini ziwa naliona bandarini tu. Nikipanda basi, milima na miti vinaniziba. Njia ipi inapita kando ya maji kweli?
*Mwalimu wa sekondari, Urambo*

Mwalimu, unachokiona ni sahihi, na sababu yake ni umbo la nchi yenyewe. Ziwa Tanganyika limelala ndani ya Bonde la Ufa. Lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina kinachofika mita 1,470, na kuta za bonde hilo zimeteremka hadi majini sehemu nyingi bila kuacha tambarare ya kupitisha barabara. Ndiyo maana barabara kubwa za Kigoma zinalipa ziwa mgongo. Ya Kasulu na Kibondo inapanda nyanda za juu, na ya Uvinza inafuata bonde kuelekea mashariki. Ukipanda basi la Tabora au la Mwanza, ziwa unaliaga Kigoma.

Zimebaki njia mbili za kuzingatia. Ya kwanza ni ya kusini: Simbo, Ilagala, Sunuka, Buhingu hadi Kalya, yote ndani ya nchi yetu, zaidi ya kilomita 200, sehemu kubwa ikiwa ya udongo. Ya pili ni ya kaskazini: Mwandiga, Manyovu, kisha Burundi kupitia Mabanda, Nyanza-Lac, Rumonge hadi Bujumbura. Hiyo ya pili haina ziwa kabisa upande wa Tanzania, kwa sababu Manyovu iko juu milimani. Ukishateremka Nyanza-Lac ndipo barabara inashikana na maji, na toka hapo hadi Bujumbura ziwa linakuwa ubavuni mwako karibu safari nzima.

Kama una siku mbili au tatu na pasipoti huna, nenda kusini. Kama mgongo wako hauvumilii barabara ya vumbi, nenda kaskazini.

Kuhusu wakati wa kwenda, watu wengi husubiri Agosti kwa kuwa barabara imekauka. Ni kweli imekauka, lakini Agosti na Septemba anga la Kigoma linajaa moshi wa mashamba na misitu inayochomwa, na milima ya Kongo ng'ambo inapotea kabisa. Sisi tunapendekeza mwisho wa Mei hadi katikati ya Juni. Mvua imekatika, tope limeanza kushika, na hewa bado imeoshwa. Likizo ya Juni inakuangukia hapo hapo.

Nieleze hatua kwa hatua safari ya Kalya. Nakata wapi tiketi, nikae upande gani, pantoni inakuwaje?
*Kijana wa Kaliua*

Anza siku moja kabla. Nenda stendi ya Masanga mchana, usiende alfajiri ya safari, na uulize gari linaloondoka kesho linaishia wapi. Swali hilo ni muhimu kuliko nauli. Ukisema "naenda kusini" unaweza kupandishwa gari linaloishia Ilagala au Sunuka, kisha ukaambiwa utafute mbele kwa mbele. Taja kijiji chako kwa jina, na hakikisha jina hilo ndilo lililoandikwa kwenye tiketi. Muulize konda pia gari linarudi lini. Kwa kawaida gari lililoshuka leo ndilo linalopanda kesho yake alfajiri, na kule mwisho wa njia huna mengine ya kuchagua.

Siti: ukielekea kusini ziwa liko kuliani, yaani upande wa dereva. Ukirudi liko kushotoni, upande wa mlango. Jua la alasiri nalo linatoka upande huo huo wa ziwa, kwa hiyo beba kitenge au shuka jepesi la kuning'iniza dirishani ikifika saa nane. Usikubali viti vya nyuma kabisa. Sehemu ya basi inayozidi nyuma ya ekseli ndiyo inayorushwa juu kila tairi likiingia shimoni. Siti zilizo katikati, baina ya tairi za mbele na za nyuma, ndizo zinazotulia.

Vumbi nalo lina utaratibu wake. Basi likitembea huvuta vumbi lake mwenyewe nyuma, na dirisha la nyuma likiwa wazi peke yake linalinyonya lote ndani. Madirisha ya mbele yafunguliwe ili hewa iingie kwa mbele na kusukuma kwenda nyuma, na ya nyuma yafungwe. Mwombeni konda mapema awaeleze abiria wote, kwa sababu mmoja akifungua nyuma, basi zima linakohoa.

Ukitoka mjini unapita eneo la Mto Luiche na mashamba yake ya mpunga, unafika Simbo, hapo unaiacha barabara kuu na kukata kusini kwenda Ilagala. Ziwa bado hulioni. Ilagala ndipo penye Mto Malagarasi, mto mkubwa unaokusanya maji ya sehemu kubwa ya magharibi ya Tanzania na kuyamwaga ziwani kilomita chache chini ya hapo. Unavukwa kwa pantoni kwenda upande wa Kajeje.

Pantoni inataka subira na utii. Basi likisimama, abiria wote hushuka, pamoja na aliyelala na mama mwenye mtoto mgongoni. Usibaki ndani hata konda akikuachia. Basi likipoteza breki kwenye mteremko wa kuingilia, linakwenda na maji, na aliye ndani hana pa kutokea. Pia gari likiwa tupu linainuka, na bampa ya nyuma haigongi ngazi ya chuma ya pantoni. Dereva huingiza gari peke yake, anavuta breki ya mkono, vigingi vinawekwa chini ya tairi, ndipo abiria wanapanda kwa miguu. Simama pembeni mwa gari, kamwe usisimame mbele wala nyuma yake. Vaa jaketi okozi ukipewa; usipopewa, liulizie. Watoto washikwe mkono, na mtu asioshe miguu wala vyombo ukingoni, maana Malagarasi ina mamba.

Kinachoharibu ratiba hapa ni foleni na giza. Malori ya mahindi na ya samaki yakikutangulia, basi lako linangoja. Mto ukijaa ghafla au ukipungua sana, ngazi ya pantoni haikai vizuri ukingoni na magari mazito yanazuiwa. Kwa hiyo gari linalotoka mjini saa kumi na mbili asubuhi ni bora mara mbili ya linalotoka saa nne, hata kama la saa nne lina siti nzuri zaidi.

Ukishavuka, Sunuka iko karibu na ndipo ziwa linapofunguka. Toka hapo barabara inasogelea maji, inaiacha pwani kupanda kilima, kisha inairudia katika kijiji kinachofuata: Sigunga, Herembe, na kuendelea. Angalia mitumbwi miwili miwili iliyoungwa kwa boriti, yenye taa na nyavu za kukinga. Hiyo ndiyo kipe, chombo cha kuvulia dagaa usiku. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi hupumzika, kwani dagaa hawafuati taa kukiwa na mbalamwezi. Ukitaka kuona ziwa limewaka taa usiku, panga safari siku za mwezi mwandamo au giza kuu, ulale kijijini.

Buhingu ndipo Milima ya Mahale inaposimama mbele yako, na kilele cha Nkungwe kina mita 2,462. Hifadhi ya Mahale haina barabara ndani, hivyo gari la Kalya linaizunguka kwa mashariki na kutokea tena ziwani upande wa kusini. Kipande hicho cha mwisho ndicho kirefu kwa mwili. Kula Buhingu.

Nina harusi Kalya mwezi wa Februari na lazima niende. Je, barabara itapitika?
*Dada wa Nguruka*

Dada, inaweza kupitika siku yako na isipitike kesho yake. Mvua za Kigoma zinaanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili, wakati mwingine hadi Mei. Ondoka ukiwa na siku mbili za ziada kabla ya harusi na siku moja baada yake.

Vitu vitatu hukwamisha magari. Cha kwanza ni udongo mweusi wa mabondeni. Ukilowa hushika tairi mpaka nafasi zote za kashata zinajaa, na tairi linazunguka bila kuuma. Dereva akiongeza mafuta hapo, ekseli inazama. Kinachosaidia ni kuchimba mbele ya tairi, kutandika matawi na mawe, kisha kuondoka taratibu kwa gia ndogo. Cha pili ni kalavati iliyozibwa na magogo. Maji yanapanda juu ya barabara na kuchimba upande wa chini, na barabara inaonekana nzima huku ndani ni tupu. Cha tatu ni vijito visivyo na daraja, vinavyoshuka kutoka milimani kwa kasi baada ya mvua ya saa moja tu.

Kwenye kijito cha namna hiyo, atangulie mtu kwa miguu na fimbo ndefu, akiwa amefungwa kamba. Maji yakimpita magoti na yanakimbia, gari lisiingie. Kwa kawaida hupungua baada ya saa chache mvua ikishakatika milimani, na hizo saa chache hazimvunji mtu harusi. Abiria mna haki ya kumwambia dereva asimame, na mkisema kwa pamoja husikiliza.

Beba viatu vya mpira, tochi, nguo za harusi ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa kisha ndani ya begi, maji ya kunywa lita tatu, na chakula kisichoharibika: mihogo ya kuchemsha, karanga, mayai, mikate. Chaji simu kabla, na uwe na pawabenki.

Wengi watakushauri upande boti. Boti zipo, na vijiji vya mwambao vimeishi kwa boti miaka yote. Lakini usipande iliyojaa mizigo hadi maji yanakaribia ukingo, isiyo na majaketi okozi ya kutosha, wala inayoondoka wingu jeusi likiwa limesimama. Dhoruba za masika hapa huja ghafla. Kiangazi nacho kina kusi, upepo unaovuma Mei hadi Septemba na kuinua mawimbi makubwa. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha waulize wavuvi wenyewe. Wavuvi wakivuta mitumbwi yao juu ya mchanga, na wewe usiende.

Nanunua dagaa na mawese mwambaoni kuuza Tabora. Mara mbili mzigo umeharibika kwenye buti. Nifungeje?
*Mama mfanyabiashara, Tabora Mjini*

Pole sana mama, huo ni mtaji. Tuanze na dagaa. Dagaa wa Kigoma huharibika njiani kwa sababu moja kubwa: waliingia gunia hawajakauka. Chukua mmoja katikati ya rundo, usimchukue wa juu, umvunje. Aliyekauka anakatika kwa mlio na ndani ni mkavu. Akipinda kabla ya kuvunjika, bado ana maji, na gunia hilo likikaa saa kumi na mbili ndani ya buti lenye joto litaanza kutoa fukuto na ukungu. Kisha weka kiganja kimoja cha dagaa kwenye sahani nyeupe na ukung'ute. Mchanga ukibaki, walianikwa chini, na mteja wako wa Tabora atauhisi kwenye meno. Waliokaushwa juu ya chanja ni ghali kidogo na wanastahili bei hiyo.

Tumia gunia linalopitisha hewa, usilivike nailoni ndani. Lisikandamizwe na chochote. Buti lina joto la injini na vumbi, kwa hiyo dagaa wapande keria, wafunikwe turubai, turubai lifungwe kamba kwa mtindo wa msalaba. Kama gari halina keria, omba wawekwe mwisho, juu ya mizigo mingine na mbali na upande wa injini.

Mawese ni jambo jingine. Yakiwa ya moto kutoka mtamboni hujaa zaidi, yakipoa hupungua, na kwenye baridi ya alfajiri ya nyanda za juu huganda. Ukijaza dumu mpaka mdomoni yakiwa ya baridi, jua la saa nane litayavimbisha na kuyasukuma kifunikoni. Dumu la lita 20 liishie lita 19. Weka kipande cha nailoni nene mdomoni, kisha kaza kifuniko, kisha lipindue kichwa chini kwa dakika kumi kabla ya kulipeleka stendi. Likivuja, livujie kwako. Madumu yasimame wima, yafungwe pamoja manne manne ili yasianguke, na yasikae kamwe juu ya begi la mtu wala karibu na dagaa.

Andika jina lako, namba yako na unakoshukia kwa kalamu isiyofutika kwenye kila kifurushi, na uchukue risiti ya mzigo inayotaja idadi. Kwa biashara, beba pia kibali cha kusafirisha mazao ya uvuvi kutoka kwa afisa uvuvi na risiti ya ushuru. Vizuizi vya barabarani huvikagua, na basi halitakusubiri ukivitafuta.

Angalia na kalenda. Mwaka 2024 uvuvi ziwani ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa. Kabla ya kupanga safari ya kununua katikati ya mwaka, ulizia kwanza ofisi ya uvuvi kama ziwa limefungwa.

Nataka kwenda Bujumbura kwa kupita kando ya ziwa. Natakiwa kuwa na nini?
*Msomaji wa Kasulu*

Pasipoti, au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo ipigwe angalau siku kumi kabla ya safari, kwani cheti hakihesabiki kabla ya hapo. Ukisafiri na mtoto, beba hati yake na barua ya ridhaa ya mzazi mwenzako.

Gari za Manyovu zinapita Mwandiga, kama kilomita 60 za lami yenye kona nyingi. Mpakani utagonga mhuri wa kutoka na wa kuingia. Upande wa Burundi panaitwa Mugina. Usipige picha mpakani, wala kwenye madaraja na kambi. Badilisha fedha kidogo tu ya kukufikisha Bujumbura, uhesabu mwenyewe noti moja moja kabla ya kuachia za kwako.

Kuna mambo mawili yanayowachanganya watu wetu. Burundi iko nyuma yetu kwa saa moja. Simu ikishika mtandao wa kule, hata ukiwa bado Manyovu, inaweza kubadilisha saa yenyewe, na umekosa gari. Zima ule mpangilio wa saa kujirekebisha. Jingine ni kwamba magari ya kule hupita kulia, kwa hiyo ukivuka barabara tazama kushoto kwanza.

Toka Mugina gari zinapanda na kushuka Mabanda, kisha Nyanza-Lac. Kaa kushoto, maana ziwa liko magharibi na wewe unakwenda kaskazini. Rumonge ni mji wa michikichi na bandari, pazuri kukata safari. Kutoka hapo hadi Bujumbura ni kilomita 70 na ushee, na huu ndio mwendo mzuri kuliko yote: mlima kulia, maji kushoto, barabara imebanwa katikati. Ubano huo ndio unaoleta matatizo pia. Mvua ikinyesha mlima unaporomokea barabarani, na ziwa likipanda linakula ukingo. Kipande cha Rumonge hadi Gitaza, kilomita 45, kiliwekwa katika mradi mmoja na barabara yetu ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, hivyo unaweza kukuta ukarabati na magari kusimamishwa.

Maji ya ziwa yalipanda sana miaka ya karibuni na kufurika bandari na nyumba, huku kwetu na Burundi. Ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga upande wa Kongo, na kiasi kikubwa cha maji yake hupungua kwa kugeuka mvuke. Likishajaa halirudi upesi. Ukisikia njia ya zamani imefungwa kwa maji, usidhani wiki ijayo itafunguliwa.

Burundi imekuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya magari. Gari linaweza kusimama foleni ya mafuta nusu siku. Kata tiketi kwa gari ambalo tayari lina mafuta. Muulize dereva waziwazi, wao wamezoea swali hilo. Lugha isikutishe. Anayejua Kiha anasikilizana na Mrundi bila mkalimani.

Ukikaribia Bujumbura, kama kilomita kumi kabla, kuna jiwe la Mugere juu ya ziwa. Limeandikwa majina ya Livingstone na Stanley, waliofika hapo Novemba 1871 baada ya kukutana Ujiji. Ukiwa umeshaona kumbukumbu ya Ujiji, jiwe hilo linakuonyesha walikwenda wapi baadaye.

Basi la Gombe linaondoka saa ngapi?
*Mwanafunzi, Tabora*

Hakuna basi. Hifadhi ya Gombe haina barabara. Nenda Kibirizi kwa bajaji au daladala, pwani iliyo kaskazini ya mji, na upande boti za vijiji vya kaskazini kama Mwamgongo, au boti ya kukodi. Boti ya abiria inaweza kuchukua saa tatu. Ada ya hifadhi hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, si fedha mkononi, kwa hiyo ichukue na ulipie ukiwa mjini kwenye mtandao. Vivyo hivyo kwa Mahale ukitokea Buhingu. Ukiwa na mafua au kikohozi, ahirisha safari. Sokwe wanaambukizwa magonjwa yetu na wanakufa kwayo.

Mtoto wangu wa miaka sita hutapika kila akipanda basi. Nitamfikishaje kwa bibi yake Buhingu?
*Mama Mdogo, Uvinza*

Mlishe kidogo saa moja na nusu kabla ya kuondoka: uji mwepesi au mkate mkavu, bila maziwa, bila chapati ya mafuta. Tumbo tupu nalo hutapisha. Mweke mbele ya tairi za nyuma, karibu na dirisha, atazame mbali mbele, na asichezee simu. Kichefuchefu kinatokana na macho kuambiwa kitu kimetulia huku masikio yakisikia mwili unatikisika. Akitazama milima ya mbali, viwili hivyo vinapatana. Tangawizi ya kutafuna au ya chai baridi husaidia. Dawa za kuzuia kutapika zipo duka la dawa, lakini kwa umri huo kipimo kipangwe na mfamasia kwa uzito wake, wala usimpe nusu ya kidonge cha mtu mzima kwa kukisia.

Beba mifuko ya nailoni isiyotoboka mitano, kitambaa chenye maji, nguo ya kubadili juu kabisa ya begi, na chumvichumvi za kuongeza maji mwilini. Pakiti moja ni kwa lita moja ya maji safi. Apewe kijiko kimoja kimoja kila dakika chache, kwani akigida atarudisha.

Akifika, usimruhusu kuoga ziwani palipo na majani na maji yaliyotulia. Kichocho kipo mwambaoni, na konokono wake hukaa hapo hapo kwenye majani. Maji ya ziwa ya kunywa yachemshwe, hata yakionekana meupe kama kioo.

Gari likiharibika katikati ya njia, konda anaweza kutuacha?
*Msomaji, Ilagala*

Hapana. Mwenye gari ana wajibu wa kuwatafutia usafiri mwingine au kurudisha nauli ya sehemu iliyobaki. Tunza tiketi yako, piga picha namba ya gari na namba ya simu ya LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, iliyobandikwa ndani ya basi, na uwapigie mahali penye mtandao. Shida ya mwambao ni kwamba mtandao unakatika baina ya vijiji, kwa hiyo mara nyingi mtamaliza jambo wenyewe. Chagueni mtu mmoja aseme na konda, orodhesheni majina na vituo, na msiondoke mmoja mmoja kwa bodaboda kabla ya kukubaliana nauli inayorudishwa. Mkishatawanyika hamtazipata. Fedha taslimu za noti ndogo ziwe mfukoni mwako, kwani wakala wa kijijini huenda hana salio la kukutolea.

Naweza kwenda Kasanga kwa basi, kisha nirudi Kigoma kwa Liemba?
*Mstaafu wa reli, Tabora*

Kwenda kwa basi inawezekana, mzee wetu: Kigoma, Uvinza, Mpanda, kukatiza Hifadhi ya Katavi, Sumbawanga, Matai, Kasanga. Hesabu siku tatu, ulale Mpanda na Sumbawanga. Kipande cha kuulizia ni Uvinza hadi Vikonge, ambako ujenzi na mvua hubadilisha hali ya njia. Ziwa hutaliona mpaka Kasanga kwenyewe, ila karibu na hapo kuna Maporomoko ya Kalambo, mita 235 kwa mruko mmoja, mpakani na Zambia, na yanatosha kuifidia safari.

Kurudi kwa Liemba usikupange bado. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande kwa reli na kushushwa majini Kigoma mwaka 1915. Ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikainuliwa 1924 na kuanza kazi tena 1927. Ilisimamishwa kwa ukarabati mkubwa. Pita ofisi ya meli bandarini Kigoma kabla ya kukata tiketi ya kwenda, uulize kwa kinywa chako kama kuna meli yenye tarehe ya kupita Kasanga. Bila tarehe iliyoandikwa ukutani, kata tiketi ya basi ya kwenda na kurudi.